Tulikuwa tunabishania nini kwanza? Lumbesa, ndagu, parachichi na hoja zetu za vijiweni

Watu wa Mbeya tunapenda kubishana, hilo halina mjadala. Kaa kijiwe chochote cha bodaboda pale Kabwe, au panda Costa ya Tukuyu jioni watu wakirudi makwao, utasikia bei ya mbolea, mshahara wa mwalimu, nani kamloga nani, na lazima mzee mmoja arudi kwenye ishu ya Songwe kutolewa Mbeya 2016 kana kwamba imetokea jana. Mi nimekulia humo humo na sioni ubaya wake. Shida inaanza pale ubishi unapogusa hela ya mtu, au shamba lake, au dawa alizoambiwa ameze, halafu ukija kufuatilia alishawishiwa na nini unakuta hakuna hoja hata moja iliyotolewa pale, ni maneno tu yaliyopangwa vizuri na mtu mwenye sauti kubwa.

Haya mambo yametutangulia mbali. Aristotle, yule Mgiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo alishakaa akaorodhesha aina 13 za hoja za ujanja, 6 zinazocheza na lugha na 7 za aina nyingine, na waliokuja baada yake wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka leo orodha imekuwa ndefu kama treni ya mizigo ya TAZARA. Kuna jamaa wanaikariri ili kwenye grupu la WhatsApp wamrushie mwenzao jina la kosa halafu waondoke kifua mbele. Mi naona swali moja linatosha kwa sehemu kubwa: hiki alichosema sasa hivi, tuseme ni kweli kabisa, je kinagusa kile tulichokuwa tunabishania? Utashangaa ni mara ngapi jibu ni hapana. Mtu amekuhamisha taratibu na wewe umemfuata.

Chukua lumbesa. Kwa ambao hamjui, ni lile gunia la viazi linalojazwa mpaka mdomoni halafu linaongezewa kichwa juu yake na kushonwa kwa kamba, wakati sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ukipita Uyole kwenda Isyonje msimu wa viazi unayaona yamesimama pembeni ya barabara kama hayana habari. Sasa sikiliza mama mwenye shamba akiongea na dalali, maana haya mazungumzo ukiyasikia mara moja umeyasikia yote:

"Kaka, hili si gunia moja, hili ni gunia na nusu, nilipe basi gunia na nusu."

"Mama yangu, viazi vinauzwa hivi toka enzi za wazee wetu."

"Mi nimesema kuhusu hili gunia hapa."

"Nenda Njombe, nenda Makambako, wote wanafunga hivi hivi. Na wewe mwenyewe mkaa unaonunua pale nyumbani si lumbesa? Mbona huo hulalamiki? Sikiliza mama, nikikulipa wewe gunia na nusu, kesho kijiji kizima watataka, keshokutwa matajiri wa Dar wanahama huku kabisa, soko limekufa na wewe ndio uliyeliua. Kama hutaki basi, viache vioze."

Angalia huyu dalali alivyo fundi. Ameleta mazoea, ameleta wingi wa watu, amemgeuzia mama kibao kwa mkaa wake, amemtisha na mteremko unaoishia kwenye kifo cha soko zima, na mwishoni kampa njia mbili tu, yangu au uozo. Vyote vinaweza kuwa kweli. Wazee waliuza hivyo, ndiyo. Njombe wanafunga hivyo, ndiyo. Mkaa wa mama ni lumbesa, ndiyo tena. Na hakuna hata kimoja kinachojibu gunia lile lina kilo ngapi, swali ambalo mizani ingelimaliza kabla chai haijapoa.

Ila hapo kwenye njia mbili nisimame kidogo, maana vitabu vingi vinapita haraka mno. Wanakwambia mtu akikupa njia mbili tu ujue kuna ya tatu ameificha. Sio kila siku bwana. Yule mama viazi vimeshachimbwa, mvua inakuja, barabara ya kutoka shambani ni tope, gari lililofika ni moja na mwenye gari ni huyo huyo dalali. Njia mbili anazopewa ndizo zilizopo kweli kwa mchana ule. Hapo hakuna kosa la mantiki, kuna ubabe, na ubabe hauondoki kwa kumwelewesha dalali kanuni za hoja, unaondoka kwa kuwa na mizani kijijini, na ghala, na wakulima kukubaliana kuuza kwa pamoja. Nasema hivi kwa sababu nimeona wasomi wetu wakirudi likizo wanawafundisha wazazi wao "kujenga hoja" na dalali. Dalali anajua hoja yake ni mbovu! Hoja ni ya kupitishia muda tu wakati vijana wake wanapakia.

Na ule mteremko wake nao uangaliwe ngazi kwa ngazi, sio kuukataa tu kwa kuwa ni mteremko. Kesho wakulima wengine watataka walipwe sawa: inawezekana sana. Matajiri wa Dar watahama: wahamie wapi? Viazi huko watakakohamia vitafungwaje na nani? Ngazi ya kwanza ngumu, ya pili imeoza, na yeye anakupitisha mbio ili usikanyage vizuri ukagundua.

Haya, tuje kwenye ndagu, yaani uchawi wa kutafutia utajiri, na hapa najua nitagombana na watu. Mwanjelwa mtu akiwa na duka limejaa, na akiwa Mkinga wa Makete, mtaani kesi imeshaisha: ana ndagu. Unauliza umejuaje? "Si unaona hela alizonazo." Hela kapata wapi? "Si ndagu." Tunazunguka duara. Halafu sikiliza inavyoendelea. Mtoto wake akiugua, katoa kafara. Familia nzima ikiwa na afya, ndagu bado ina nguvu. Duka likifilisika, kavunja masharti. Yaani hakuna tukio lolote linaloweza kumtokea yule mtu duniani likakufanya useme aah kumbe hana. Sasa kauli ambayo inakubaliana na kila kitu haijakwambia chochote, kwa sababu usingejua tofauti kama ingekuwa ya uongo. Na mtu huyo huyo anayesimulia ndagu hamwoni mwenye duka anafungua saa ngapi, alianza na mtaji wa nani, alikaa dukani kwa ndugu yake akijifunza kazi bila mshahara kwa muda gani.

Ukimbana sana msimuliaji anakugeukia: "Basi we thibitisha kwamba hana!" Hii ina umri. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliiandika kwenye kitabu chake cha 1690, kwamba watu humlazimisha mwenzao ama aikubali hoja yao ama alete iliyo bora zaidi, utadhani wewe kukosa jibu ndio ushahidi wa kwangu. Aliyeleta maneno ndiye mwenye mzigo wa kuyabeba. Na msiseme ni stori za kijiweni tu, nchi hii kuna bibi zetu wamekatwa mapanga kwa hoja ya namna hiyo hiyo, macho mekundu ya miaka ya moshi wa kuni yakageuzwa ushahidi wa uchawi.

Jirani wa hilo ni zile za makabila. Mhehe hivi, Mnyakyusa vile, unazijua zote, mtu kakutana na wawili watatu kwenye maisha yake basi anakuchorea kabila zima. Hizo sina hamu nazo ila kuna moja inachekesha. Unasikia, "Mnyakyusa hakimbii ugomvi." Mwingine anadakia, mbona fulani alikimbia juzi kwenye ugomvi wa bajaji? "Aaah, yule si Mnyakyusa kamili, mama yake Msafwa." Kwisha. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Uingereza, Antony Flew, alisimulia kitu kile kile kwa Mskochi anayesoma gazeti, anaona unyama uliofanywa na mtu wa Brighton anasema hakuna Mskochi anayeweza kufanya hivi, kesho yake anasoma habari ya mtu wa Aberdeen, Mskochi mwenzake, kafanya vibaya zaidi, anasema hakuna Mskochi wa kweli anayeweza kufanya hivi. Neno "wa kweli" limeingizwa baada ya mechi kuisha. Ukisikia Mkristo wa kweli, Mwislamu wa kweli, mwanaume wa kweli, mwanachama wa kweli, uliza tu huo ukweli ulipimwaje kabla ya fulani kuharibu.

Parachichi sasa. Rungwe na Njombe kila mtu ana mche wa parachichi aina ya Hass, na asiye nao anaonekana amelala. Mtu anakuja na picha kwenye simu: nyumba ya fulani, gari ya fulani, zote parachichi. Mi sipingi parachichi, isieleweke vibaya. Ninachouliza ni kwamba wale waliopanda na hawakupata kitu wamepigwa picha na nani? Aliyepanda bondeni maji yanatuama, mizizi ikaoza miti ikakauka moja moja. Aliyeuziwa miche ambayo haikubebeshwa, akasubiri mwaka wa tatu, wa nne, hamna kitu. Aliye mbali na barabara, matunda yanafika yameshachubuka mnunuzi anayatupa pembeni. Hao hawaitwi kwenye semina kutoa ushuhuda.

Kuna stori ya vita ya pili ya dunia inaelezea hili vizuri kuliko mimi. Jeshi la Marekani walikuwa wanataka kujua ndege zao zinadhurika wapi, na ndege walizoweza kuzikagua ni zile zilizorudi, zimejaa matundu ya risasi. Abraham Wald, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Hungaria aliyekimbilia Marekani 1938, akaifanyia hesabu ishu hiyo huko New York, na kiini chake ni hiki: hayo matundu unayoyaona ni mahali ambapo ndege inaweza kupigwa na bado ikarudi nyumbani. Sehemu ambazo hazina matundu ndizo za kuogopa, maana zilizopigwa pale hazikurudi. (Mwenyewe alikuja kufa kwenye ajali ya ndege huko India, 1950. Dunia hii.) Kwa hiyo ukionyeshwa tajiri wa parachichi, au wa forex, au aliyeacha shule akatoboa, muulize anayekuonyesha, waliofanya hivyo hivyo wakadondoka wako wapi, na walikuwa wangapi. Akiwa hajui basi hajakuonyesha biashara, amekuonyesha mtu mmoja.

Kwenye afya ndio kubaya zaidi. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu kila mtu ana mafua, unakunywa tangawizi na limao, wengine wanaongeza vitunguu swaumu mpaka ndani hakukaliki, siku kadhaa umepona, "tangawizi kiboko." Mafua ya kawaida huwa yanaondoka yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi, ungekunywa tangawizi au ungekunywa maji ya moto tu. Na watu huwa wanakunywa dawa pale hali imezidi kabisa, na hali ikishazidi kabisa njia iliyobaki mara nyingi ni kushuka, hivyo chochote ulichokunywa siku hiyo kinapewa sifa. Hiyo tangawizi endelea nayo, haina kesi, mi mwenyewe nakunywa.

Ila kumbukeni 2011, Loliondo, kijiji cha Samunge. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa yake Sh 500, magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita porini, watu wanasafiri toka kila kona ya nchi na nje ya nchi. Ukihoji unajibiwa, "Watu wote wale ni wajinga? Mawaziri wale ni wajinga?" Hilo si jibu. Wingi wa watu kwenye foleni unaeleza jinsi watu walivyokuwa na shida na matumaini, hausemi kitu kuhusu kilichomo kwenye kikombe. Ili ujue kikombe kinatibu ungetakiwa upime kabla na upime baada, ulinganishe na wasiokunywa. Wengine waliona nafuu, sawa, na wengine waliacha dawa zao za hospitali, na hao wa pili ndio wale wa Wald, hawarudi kusimulia.

Na babu wa sigara je? Kila ukoo una babu aliyevuta toka ujana wake mpaka akafika miaka tisini, na Chunya huko wanakolima tumbaku ukiongelea madhara ya sigara huyo babu analetwa haraka sana. Babu ni kweli. Lakini Uingereza kuanzia 1951 Richard Doll na Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wa kiume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, ufuatiliaji ukaenda mpaka miaka hamsini, na matokeo yaliyotolewa 2004 yalionyesha wavutaji wa siku zote walikufa kwa wastani wa miaka kama kumi kabla ya wenzao. Wastani haukatazi babu yako mmoja kufika tisini. Na babu yako mmoja hafuti wastani.

Kubeti sitakaa sana, vijana mnajua. "Hii namba haijatoka muda mrefu, leo lazima." Inasimuliwa kwamba Monte Carlo, Agosti 1913, gurudumu la kamari lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo na watu wakaendelea kurundika hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakaliwa vibaya sana. Gurudumu halina kumbukumbu. Mpira una tofauti kidogo, timu inaweza kuwa imebadilika kweli, ila "imetoa sare sana lazima leo ishinde" ni kuliongelea gurudumu kwa majina ya wachezaji.

Sasa kinachoniuma zaidi, methali. Hapa Waswahili tumejaliwa silaha ambayo wenzetu wengi hawana, mtu hana hoja yoyote anatupa methali moja na kikao kizima kinaitikia mmmh. Penye wazee haliharibiki neno. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ebu isome tena hiyo ya pili taratibu! Kama lipo tumeshinda, kama halipo linakuja, uzushi wowote duniani unapita hapo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, basi kijana wa watu anabeba kesi ya baba yake. Na nzuri zaidi ni kwamba ghala lina kila kitu: ukitaka kumzuia mtu kuna haraka haraka haina baraka, ukitaka kumsukuma kuna ngoja ngoja yaumiza matumbo. Ukiwa na methali ya kwenda na ya kurudi, methali haikuamulii, wewe ndiye uliyeamua ukaenda kuchukua ya kukusindikiza.

Nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya ardhi huko kwetu, na kinachoendelea kinafanana mno nyumba hadi nyumba. Binti anaomba kipande cha shamba la baba yake marehemu. Anaanza vizuri, shikamooni wazee, baba mdogo naomba nichangie. Anasema anataka ekari yake kwa sababu yeye ndiye aliyelilima toka baba anaumwa. Majibu:

"Mwanangu, toka enzi za babu zako mtoto wa kike hagawiwi ardhi."

"Kwa hiyo unataka kaka zako wakalale barabarani?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Ukiolewa, shamba litahamia ukoo mwingine."

Katika hayo manne, hoja ni moja, ile ya mwisho. Unaweza usiipende, mi siipendi, ila ni sababu inayogusa jambo lenyewe na inajibika: anaweza kukubali asiliuze nje bila kuwaambia ndugu, anaweza kusema kaka yake naye aliuza la kwake kwa mtu baki wala hakuolewa popote. Ya kwanza ni mazoea, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ya pili ni mbaya kuliko zote, maana amemtungia maneno ambayo hakuyasema. Aliomba ekari moja, amejibiwa kana kwamba ameomba lote, na sasa anaanza kujitetea kwamba hawachukii kaka zake, jasho linamtoka, na ekari imeshasahaulika.

Dawa yake kwa wazee wetu si kuwaambia wanakosea mantiki, ukifanya hivyo umekuwa mtoto aliyesoma akawa na kiburi na kesi inahamia kwenye adabu yako. Nilimsikia binti mmoja akijibu vizuri sana: "Nimekuelewa baba mdogo, na kaka zangu nawapenda, sijaomba la kwao. Naomba turudi kwenye hii ekari moja ya juu." Akanyamaza. Wakamzungusha tena, akajibu vile vile, hii ekari moja ya juu. Kila wakimhamisha anarudi. Hakupewa siku ile, lakini mwisho wa kikao walikuwa wanaongelea ekari, na wazee wawili walishaanza kuulizana mipaka yake.

Kuna upande mwingine wa haya mambo nauona unapotoshwa siku hizi. Watu wameshajua kwamba kumshambulia mtu badala ya hoja yake ni kosa, basi ukimuuliza dalali wa viwanja kwamba we si ndiye uliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, anakwambia "jadili hoja usinijadili mimi." Hapana kaka. Kama unaniletea hati na ramani, nitaangalia hati na ramani, hata ungekuwa mwizi. Ila kama unachoniletea ni "niamini mimi kiwanja hakina mgogoro," basi wewe ndiye ushahidi, na ushahidi unakaguliwa. Vivyo hivyo wataalamu. Kumsikiliza bwana shamba kuhusu ugonjwa wa mizizi si kosa lolote, kosa ni kumsikiliza mwanamuziki kuhusu dawa ya presha. Na cheo hakitoshi, wala kukosa cheo hakutoshi. Hiyo Hass yenyewe tunayoipanda Rungwe jina ni la Rudolph Hass, msambaza barua wa posta huko California, ndiye aliyeusajili mti wake 1935. Angepeleka kwenye kikao cha ukoo angeambiwa we wa posta unajua nini kuhusu miti.

Na wale wa kukariri majina ya makosa niwaambie kitu, ukishagundua hoja ya mtu ni mbovu hujagundua bado kama anachosema ni uongo. Yule wa picha za nyumba kwenye simu alitoa hoja dhaifu, na inawezekana kabisa shamba lako la Rungwe, lililo juu, udongo haushiki maji, karibu na barabara, likakulipa vizuri kwa parachichi. Utajua kwa kuangalia mteremko wa shamba, mche umetoka wapi, mnunuzi ni nani na anakataa matunda ya aina gani. Kukataa kupanda kwa sababu aliyekushauri ni mropokaji ni kumfanya mropokaji akuamulie, kinyumenyume.

Simba na Yanga siigusi. Nimeulizwa na watu kwamba mbona kwenye vijiwe vya mpira nakaa kimya, wakati pale kila sentensi ni kosa, mtu anaulizwa kuhusu penalti anajibu kuhusu fainali ya miaka kumi iliyopita, anaambiwa timu yake imefungwa anauliza kwani wewe umewahi kucheza hata mchangani. Pale hakuna anayeamua chochote. Hakuna shamba, hakuna dawa, hakuna bibi wa mtu. Watu wamemaliza kazi, wanataka kupiga kelele wacheke waende wakalale, na ukienda na swali lako la "tulikuwa tunabishania nini" utanyimwa nafasi kwenye benchi, na mi nafasi yangu kwenye benchi naipenda. Halafu ile penalti, kwa taarifa yenu, haikuwa penalti.